Shati la Ferdinand

Yalimkuta Flaviana, jirani yetu hapa Fairfax, ughaibuni, mchana kweupe wa mwezi wa tano, jua linawaka na watu wanachoma nyama uani.

Mumewe, Ferdinand, alianguka Januari kwenye theluji, ngazini pa mahakama ya kaunti. Moyo ulisimama. Mwili ukasafirishwa Tanzania. Lakini roho, kwa mila ya ukoo wao, hubaki ilipoangukia mpaka mke aifuate na shati la marehemu, na kwenye kila mpaka aiambie: "Tumevuka, twende." Usipoutaja mpaka, roho haivuki.

Basi wakaifuata mahakamani. Flaviana shati mapajani, shemejiye Isack kwenye usukani, mdomo haufungi.

"Shemeji, mpaka gani tena? Mahakama Fairfax, nyumba Fairfax, hata faini zangu za mwendokasi ni za Fairfax!"

Akacheka mpaka akafuta machozi. Ferdinand alikuwa kaka yake.

Walifika nyumbani na shati jepesi, kavu, kama walivyoondoka nalo. Kuria, Mkenya wa nyumba ya pili anayefanya kazi kaunti, akawasikiliza, akashika kichwa.

"Ati Fairfax moja? Zii! Mji wa Fairfax una meya wake, hauko ndani ya kaunti. Na hiyo mahakama ni ardhi ya kaunti, imezungukwa na mji kama kisiwa. Kutoka huko hadi hapa kwenu, kauntini, mmevuka mipaka miwili, ndugu zangu."

Isack akaacha kucheka.

Wakarudi mahakamani. Walipotoka uwanja wa mahakama, Flaviana akanong'ona, "Baba Irene, tumevuka, twende." Shati likawa zito. Kwenye kibao cha kuaga mji, akanong'ona tena. Likalowa. Kiti cha nyuma kikalia, kama mtu amekaa.

Hakuna aliyegeuka.

Nyumbani, Flaviana alikimbia ndani. Akatandika upande wa mumewe kitandani. Akamimina chai, vikombe viwili. Akafunga mlango, maana baridi ilikuwa inamfuata.

Akasubiri. Chai ikapoa. Shati likakauka.

Mama mkwe akapiga simu. "Mlangoni ulimwambiaje?"

"Mlangoni?"

"Mwanangu. Kizingiti nacho ni mpaka."

Akaufungua mlango. "Ingia, baba. Ingia."

Akachungulia nje.

Kibarazani, nyayo za viatu vya Ferdinand. Za theluji. Zimekanyagana, zote zimeelekea mlangoni, za mtu aliyesimama muda mrefu. Kisha jozi moja, imegeukia barabarani.

Sasa ni Agosti. Theluji ile haijayeyuka. Flaviana huingilia mlango wa nyuma, asije akaikanyaga.