Mkono wa Sanamu ya Yasmine

Kila siku baada ya shule, Yasmine aliteka maji, akaosha vyombo, kisha akaketi nyuma ya nyumba yao ya Mulongwe na kuanza kufinyanga. Udongo aliuchota mwenyewe ukingoni mwa mto. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na darasani kwao hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa vidole.

Safari hii alifinyanga mama anayevuka maji ya mafuriko: mtoto mgongoni, beseni kichwani, mkono mmoja umeinuliwa kulishika. Mwalimu wake, Évariste, alipoiona sanamu hiyo, macho yalimng'aa.

"Hii itakwenda kwenye maonyesho ya sanamu ya mtaa wetu, kule ufukweni, Jumamosi ya wiki ijayo, na sanamu bora itapewa tuzo. Lakini iache kivulini, uifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Ikauke polepole."

Yasmine alikosa subira. Alitaka kuipaka rangi mapema, basi Jumatano akaianika juani. Aliporudi kutoka shule alikuta mkono ule umepasuka begani na kudondoka. Badala ya kumwambia mwalimu, aliyeyusha nta ya mshumaa, akaubandika, kisha akapaka rangi juu ya ufa. Hakuna aliyeweza kuuona.

Jumamosi meza zilipangwa mchangani kando ya ziwa, zikajaa sanamu za mti, za udongo na za mabati ya zamani. Waamuzi walipita meza kwa meza na madaftari yao. Kabla hawajafika kwa Yasmine, mama mmoja alisimama mbele yake. Aliitwa Kankindi, mkulima wa mpunga kutoka Bwegera, aliyekuja mjini kuuza mchele.

"Huyu ni minye, ni mimi kabisa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka ule mto Ruzizi ulipofurika, nilimbeba mwanangu hivi hivi." Machozi yalimlengalenga. "Binti yangu, naweza kuishika?"

Yasmine alitaka kukataa, lakini mikono ya mama yule ilikuwa tayari imenyooshwa. Kankindi akaichukua kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Jua lilikwisha kuilainisha nta. Mkono ukaanguka mchangani.

"Mawe! Mama yangu!" Kankindi alipiga kelele.

Watu wakageuka. "Weye mama, nani alikuambia uguse?" alifoka bwana aliyelinda meza. "Hawa watu wa mashambani hawajui kutazama kwa macho!"

Kankindi akapiga magoti, akipapasa mchanga. "Nisamehe, mtoto wangu. Nimeharibu kazi yako."

Waamuzi walikuwa wamefika meza ya jirani. Yasmine alijua kwamba akinyamaza watamhurumia, na pengine watampa tuzo. Akamtazama tena mama yule, amepiga magoti mbele ya umati kwa kosa lisilo lake.

"Si yeye!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mkono ulivunjika Jumatano. Minye ndiye niliyeubandika kwa nta, nikaficha. Mama, inuka, tafadhali."

Bwana aliyefoka akainama, akamwinua Kankindi na kumwomba radhi. Waamuzi waliiondoa sanamu ile katika mashindano, na Yasmine akalia mbele ya wote.

Kankindi alimfuta machozi kwa pindo la kitenge chake. "Nyamaza. Jumamosi ijayo nitarudi na mchele. Nitasimama mbele yako mpaka uchoke wewe, na utamfinyanga mama huyu upya."

Alirudi kweli, akasimama asubuhi nzima. Safari hii Yasmine aliuacha udongo kivulini siku kumi bila kuugusa.

Mwalimu Évariste alipoiweka sanamu mpya darasani, wanafunzi wote waliizunguka.

"Udongo kupasuka si aibu," aliwaambia. "Wangu umepasuka mara nyingi. Lakini ukiuficha ufa, udongo utavunjikia mikononi mwa mtu asiyejua, naye atabeba lawama isiyo yake. Yasmine alikosa tuzo siku ile. Lakini mama Kankindi alirudi Bwegera kichwa juu, na hilo lilikuwa kubwa kuliko tuzo."