Vidonge vya Kusimamia

Kila alasiri akitoka shule, Dada alimchukua mdogo wake kwa jirani, akambeba mgongoni na kwenda naye moja kwa moja kwa dobi, mahali alipofanya kazi mama yao. Huko alifanyia kazi za shule juu ya furushi la mashuka, akisubiri mama amalize zamu. Walimwita Dada kwa sababu ndiye kifungua mimba, na jina hilo lilikuja na kazi zake.

Mdogo wake walimwita Mzee, kwa kuwa alizaliwa amekunja uso kama mtu aliyenyimwa likizo. Utani huo ulikuwa mtamu alipokuwa mchanga. Sasa Mzee alikuwa na miaka mitatu na hajasema hata neno moja. Mlango ukibamizwa alitetemeka mwili mzima, akalia mpaka sauti ikamkauka. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, na wa mama vilevile. Mama alichoka kiasi kwamba hata kukasirika kulimshinda.

Kupiga pasi ni kazi ya kusimama kutwa. Miguu huvimba na mgongo huwaka moto. Wanawake wa pale walikuwa na dawa yao: kopo juu ya rafu, lenye vidonge vikali vya maumivu. Waliviita vidonge vya kusimamia. Vilianza na mwenzao mmoja aliyepewa hospitalini baada ya kupasuliwa mgongo. Yeye alipona, wenzake wakaendelea kuvinunua kichinichini. Dawa za kulevya, walisema, ni za vijana wa vichochoroni. Hivi ni vya hospitali.

Siku moja Dada alimsindikiza mama kumpeleka Mzee kliniki. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimpima mtoto, kisha akauliza, "Mama, ulipokuwa na ujauzito wake, ulitumia pombe, sigara au vidonge vyovyote?"

"Hapana," mama alijibu upesi, macho sakafuni. "Dawa za hapa kliniki tu."

"Siulizi ili nikuhukumu. Dawa nyingi anazomeza mama humfikia mtoto kupitia damu. Nyingine humzoesha akiwa tumboni, kisha akizaliwa anatetemeka na kulia kwa kuikosa. Nyingine huchelewesha ukuaji wake."

"Nimesema hapana, nesi."

Dada alimtazama mama yake. Alilikumbuka tumbo lile kubwa mbele ya meza ya pasi, na mkono ukinyooka kulifuata kopo. Lakini mtoto hamuumbui mzazi wake mbele ya watu, kwa hiyo alinyamaza.

Siku chache baadaye alikuwa kwa dobi kama kawaida. Mama mdogo, mdogo wake mama, alifanya kazi meza ya pili. Naye alikuwa mjamzito.

"Leo hii miguu si yangu," alisema mama mdogo, akalishusha kopo.

Dada aliinuka kwenye furushi. "Mama mdogo, usimeze!"

"Haya, daktari wetu amefika," mmoja wa wanawake alitania, wengine wakacheka.

"Mtoto wa tumboni hanywi dawa, mwanangu. Anakula chakula tu," alisema mama mdogo. "Mama yako alivimeza, na Mzee si huyu hapa?"

"Ndiye huyu," Dada alisema. "Haongei. Halali. Na muuguzi alisema dawa humfikia mtoto."

"Nyamaza!" mama alifoka. "Hayo ni mambo ya wakubwa."

Mara ndoo ikamponyoka mtu na kuanguka kwa kishindo. Mzee aliruka, akaanza kulia na kutetemeka. Mama alimkimbilia, akamkumbatia, huku pasi aliyoiacha ikiunguza shati la mteja. Hakuigeukia. Alikuwa akilitazama tumbo la mdogo wake.

"Rudisha kopo," alisema polepole. "Nilimdanganya muuguzi kwa sababu niliona haya. Afadhali nifedheheke mimi kuliko mwanao aje ateseke hivi."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mdogo alilirudisha kopo, akaketi na kulia.

Kesho yake wote wanne walikwenda kliniki, mama akasema ukweli, na mama mdogo pia.

"Siwezi kuapa kwamba vidonge pekee ndivyo vilivyosababisha yote," muuguzi alisema, "lakini sasa tunajua pa kuanzia." Alimpangia Mzee mazoezi ya kuongea, akamfundisha mama namna ya kumtuliza. Kisha akamgeukia mama mdogo. "Wewe umevimeza kila siku. Usiendelee navyo, lakini pia usiviache ghafla peke yako, kwa kuwa mwili uliozoea unaweza kushtuka, na mtoto pia. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo."

Haikuwa kazi rahisi. Zilikuwapo siku ambazo mama mdogo alitoka jasho na kutapika, akatamani kopo. Msimamizi wa kule kwa dobi alimhamishia kwenye kukunja nguo, kazi ya kukaa. Hatimaye alijifungua mtoto wa kike, mdogo wa mwili. Hospitali ilimwangalia kwa siku kadhaa, kisha ikamruhusu akiwa ananyonya vizuri.

Walipotoka kumwona mtoto, walirudi nyumbani kwa miguu.

"Mama, siku ile nilikukosea adabu?" Dada aliuliza.

"Hukunikosea. Mimi ndiye niliyekosea." Mama alisimama, akamchukua Mzee kutoka mgongoni mwa binti yake na kumfunga mgongoni mwake mwenyewe. "Adabu si kuinyamazia hatari, mwanangu. Mtoto wa tumboni hana mdomo, wa kumsemea ni yule anayejua. Siku nyingine nikikwambia nyamaza kwa jambo kama lile, sema tena."