Siku Moma Alipoingizwa kwenye Ngoma

Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba nikimenya viazi. Nilitaka kuvikata na kuvianika viwe michembe ya kiangazi. Mara akapita jirani yangu Agnetha. Agnetha ni muuguzi wa zahanati ya kijiji chetu, upande wa Kharumwa.

"Mama Edson, mwangaluka," alinisalimia.

"Mwangaluka, muuguzi. Za kazi?"

"Nzuri. Umesikia? Wageni wa ngoma wanakuja Jumamosi. Kuna Wagogo, kuna Wamakonde, kuna Waha. Wote kikundi kimoja."

"Wote hao? Watalala wapi?"

"Wanagawanywa kwenye nyumba. Wewe umepewa wanawake wawili."

Nilicheka. Nilifurahi kupata wageni. Lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi wangu, na wasiwasi huo ulikuwa mwanangu Edson.

Edson ana miaka kumi na tisa. Mwaka huo alikuwa ameingia kwenye kikundi cha ngoma cha kaka yangu Mayala. Kikundi hicho kinacheza na nyoka. Mayala alimchanja Edson chale mikononi na miguuni, akampaka dawa. Akamwambia, "Mpwa wangu, sasa nyoka akikuuma atachoka mwenyewe." Edson akaamini. Watu wengi hapa wanaamini hivyo. Mimi sikulala vizuri tangu siku ile.

Tena wiki hiyo Mayala alikuwa amekamata moma kwenye shamba la pamba. Moma ni yule nyoka mnene, mfupi, mwenye madoa, anayelala njiani kama gogo. Akamfungia kwenye sanduku la mbao.

"Kaka, huyo moma ni wa nini?" nilimuuliza.

"Wa ngoma."

"Ataniulia mtoto."

"Dada yangu, meno tumeshamng'oa. Wewe pika ugali wa wageni."

Jumamosi wageni wakafika na lori. Walishuka na ngoma, zeze, njuga na miti mirefu ya kutembelea. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa Kigogo, jina lake Eufrasia. Ndiye aliyefikia kwangu, pamoja na mwenzake. Mama mcheshi sana. Alikula matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, mpaka akaomba ya kufunga.

Mchana akamwendea Mayala uwanjani.

"Shikamoo, kaka Mayala."

"Marahaba."

"Nani anaanza kucheza, sisi au ninyi?"

Mayala akashangaa. "Kuanza vipi? Tunaanza wote. Ninyi mnacheza kule, sisi huku. Watu wataenda wanakotaka."

"Lakini sisi tumekuja kuonyeshana ngoma. Hatukuja kushindana."

"Mama, ngoma bila kushindana ni mazoezi."

Ndivyo tulivyozoea sisi Wasukuma. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja. Hatuna jaji. Watu wakikukimbia wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, na utachekwa mpaka mavuno mengine. Mama Eufrasia hakujua desturi hiyo. Na sisi hatukumweleza mapema.

Ngoma zikaanza. Mungu wangu! Wanawake wa Kigogo walibana ngoma katikati ya magoti wakazipiga wenyewe. Kwetu mwanamke haweki ngoma magotini. Bibi mmoja pembeni yangu alijishika kichwa.

"Mayo! Hawa wanawake wamefundishwa na nani?"

"Nyamaza, bibi, tuone," nikamwambia.

"Nanyamazaje? Mimi nazitaka hizo ngoma!"

Kisha akatokea Mmakonde mmoja anaitwa Herman. Alivaa kinyago. Miguu yake ilifungwa kwenye miti mirefu, akawa juu kama paa la nyumba. Watoto walikimbia wakilia. Walipofika mbali waligeuka, wakarudi wakicheka.

Watu wote wakahamia kwa wageni. Hata wachimbaji waliotoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na pikipiki zao walihama. Upande wa Mayala wakabaki wake zake na mbuzi wawili. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele:

"Mzee Mayala, funga duka!"

Watu wakacheka. Niliona uso wa kaka yangu ukibadilika.

"Edson!" aliita. "Lete sanduku."

Nilikimbia. "Edson, mwanangu, acha! Usilifungue hilo!"

"Mama, unaniaibisha," alisema polepole. Akafungua.

Basi watu wakarudi mbio. Walisukumana kutaka kumwona nyoka. Edson alimshika moma shingoni, akamzungusha. Vigelegele vikapigwa. Akamweka chini, akawa anacheza kumzunguka, miguu mitupu, njuga zikilia. Wale wa nyuma hawakuona vizuri. Wakasukuma. Wale wa mbele wakamwangukia Edson mgongoni. Akasogea mbele hatua moja tu.

Moma akamuuma mguuni, juu ya kifundo.

Ngoma zote zilinyamaza, za kwetu na za wageni. Edson alicheka kidogo. "Si kitu, mama. Nina chale." Kisha jasho likamtoka, akakaa chini. Matundu mawili yalikuwa yanatoka damu. Nilikuwa naona midomo ya watu inacheza lakini sisikii.

Niliposikia tena, kila mtu alikuwa na dawa yake. "Mfungeni mpira wa baiskeli, mkaze!" "Mwagieni petroli!" "Tafuteni jiwe jeusi la kunyonya sumu!" Mayala alikuwa ameshatoa wembe. Nilimlalia mwanangu mguuni.

"Hukati mtoto wangu!"

"Dada, toka! Sumu inapanda!"

Hapo Agnetha akapenya katikati ya watu, anahema.

"Mzee Mayala, weka wembe chini."

"Wewe binti, hii ni kazi yangu tangu hujazaliwa."

"Najua. Lakini ukikata, sumu haitoki. Inatoka damu tu, na sumu ya moma inafanya damu isigande. Atavuja damu mpaka aishe. Na huo mpira ukikazwa, mguu utaoza. Tutaukata. Unataka mpwa wako akatwe mguu?"

Mayala akautazama wembe kama hajawahi kuuona. Akautupa.

"Tufanye nini sasa?" nililia.

"Kwanza ninyi wote rudini nyuma, nyoka bado yuko hapa. Msimguse. Edson asisimame, asitembee hata kidogo. Akitembea, sumu inasambaa haraka. Mvueni hizo njuga sasa hivi, kabla mguu haujavimba. Halafu nataka mti ulionyooka na vitambaa. Tuufunge mguu kama umevunjika, usicheze."

Kumbe Herman alikuwa ameshashuka na kufungua miti yake. Kinyago kilikuwa bado kichwani.

"Huu unafaa?"

"Unafaa. Ukate uwe mfupi. Usikaze vitambaa. Kidole chako kipite chini yake."

"Kufunga miguu kwenye miti ndiyo kazi yangu, muuguzi," alisema Herman. Alifunga haraka. Machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya kinyago, nikayaona shingoni kwake.

Agnetha akapiga simu hospitali. Aliuliza jambo moja: dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ipo au haipo? Wakajibu ipo. Wageni wakamwaga vyombo vyao chini, wakatuachia lori lao. Mama Eufrasia alitandika magodoro, tukamlaza Edson.

Njiani mguu ulivimba mpaka gotini. Ukawa mweusi. Damu ikaanza kutoka kwenye fizi zake. Mimi nilikuwa nikisali tu. Mayala alikuwa ameinamisha kichwa.

"Lakini nilimng'oa meno," alisema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Nyoka ana meno mengine yanayosubiri nyuma ya yale," alijibu Agnetha. "Ukiyang'oa, mengine yanashuka. Haichukui muda mrefu."

Miaka yote tumekaa karibu na nyoka wa Mayala, tukidhani hawana meno!

"Na chale je?" Mayala aliuliza. "Mimi mwenyewe niliumwa na moma, nikapona."

"Mzee wangu, nyoka wakati mwingine anauma bila kumwaga sumu. Siku hiyo ulikuwa na bahati. Ukadhani ni chale. Chale haizuii sumu, hata kidogo."

Mayala akamsogelea mpwa wake. Alichukua mkono wa Edson akaushika mpaka tukafika.

Hospitali walimwekea mwanangu dawa kwenye mshipa. Daktari aliniambia, "Mama, amewahi. Na mguu huu haujakatwa wala kukazwa. Ndiyo maana nina matumaini." Hata hivyo usiku ule nilihesabu pumzi za Edson moja moja. Alfajiri damu ilikauka kwenye fizi. Akafungua macho.

"Mama, wageni wameondoka?"

"Bado. Wako nje."

"Nani ameshinda?"

Nilitaka kumpiga kibao. Nikalia badala yake.

Edson alikaa hospitali wiki nyingi. Nyama ya mguu ilioza kidogo, wakaisafisha. Leo anatembea vizuri, ila pana kovu kama kiganja cha mkono.

Alipotoka, Mayala alisimama kwenye mkutano wa kijiji. Kaka yangu hajazoea kuongea bila kuimba. Alisema, "Nyoka kwenye ngoma basi. Na mgeni akija, tunacheza kwa zamu. Akicheza yeye, sisi tunakaa tunamtazama. Tukicheza sisi, naye anatutazama. Na watu wasimame nyuma ya kamba." Wazee wengine walinung'unika. Mmoja akasema ngoma ya zamu ni ya watoto wa shule. Mayala akamwambia, "Basi lete mtoto wako aumwe." Yule mzee akakaa.

Mwaka uliofuata wageni walirudi. Walianza Wagogo, wakafuata Waha, kisha kikundi cha Mayala wakarusha majembe juu na kuyadaka. Herman alipiga makofi mpaka akaomba jembe naye ajaribu. Likamponyoka likaangukia sufuria langu la wali. Tulicheka sana siku hiyo, na hakuna aliyelia.

Lakini nyoka hawapo kwenye ngoma tu. Wako mashambani kwetu. Msimu wa pamba, jirani yetu Sikujua aliumwa na moma akiwa anachuma. Shemeji yake akaja na wembe. Edson alimfikia kwa kuruka matuta.

"Wembe huo tupa! Sikujua, kaa hapo hapo, usiinuke! Vua bangili ya mguuni. Nani ana simu?"

Walimfunga mguu kwenye mpini wa jembe bila kukaza. Wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka kwenye gari. Simu ya hospitali ilishapigwa kabla gari halijaondoka.

Wenzangu, mama mwenzenu nawaomba. Msikate, msikaze, msimwage kitu. Msiende kwanza kwa mganga. Mtulizeni mtu, mguu usicheze, mkimbizeni kwenye dawa. Waiteni wageni wa ngoma, ni neema. Lakini msiingize kifo uwanjani ili mshinde.

Sikujua alirudi baada ya siku chache, mguu umevimba kidogo tu. Tulimpokea kwa vigelegele. Alitutazama sote pale mlangoni, akaweka mikono kiunoni.

"Wabeja, asanteni kwa kuja," alisema. "Sasa nani amebaki shambani kuchuma pamba yangu?"