Tope Lililoumuka

Asubuhi hiyo ilianza kama nyingine. Wafanyakazi wa mtambo wa maji taka walivaa buti, wakataniana kuhusu nani ananuka zaidi, kisha kila mtu akashika lake. Dada Mkubwa peke yake hakucheka. Mdogo wake alikuwa bado ndani ya tangi.

Zamani tope lilikorogwa kila siku kwa mti mrefu waliouita mwiko, ili gesi iliyonaswa chini itoke kidogo kidogo. Meneja akapiga marufuku. Eti harufu inawakera wageni wake ofisini! Gesi ikabaki humo, tope likaumuka kama unga uliotiwa hamira. Siku moja, miezi kadhaa iliyopita, likafumuka ghafla, likamzoa kijana wa watu, mdogo wake Dada Mkubwa, ukingoni.

"Kulimwaga tangi zima ni hasara," meneja akasema. Hasara! Mama yao halali, anamsubiri mwanawe azikwe, na huyu anazungumzia hasara.

Tangu hapo viputo vikawa vinamfuata Dada Mkubwa. Akitembea ukingoni, navyo vinatembea. Akisimama, vinasimama.

"Ni gesi tu," meneja alimwambia asubuhi hiyo.

"Basi njoo umwambie mwenyewe," akajibu.

Meneja akaja, akainama juu ya tope. Viputo vikamwacha Dada Mkubwa. Vikaenda kwake. Polepole.

"Umeona?" meneja akanong'ona. "Ni..."

Tope likainuka. Kimya. Likashuka. Meneja hayupo.

Kumtafuta meneja, pampu zilifika kabla ya saa ya chai! Tangi lililoshindikana miezi yote lilikauka mchana huohuo. Dada Mkubwa akawa wa kwanza kushuka.

Chini walimkuta mtu mmoja tu. Mdogo wake. Hajaoza, ameketi, mkononi ameshika tai ya meneja. Fundo lake halikuwa limefunguliwa.

Walipekua kila kona. Saruji tupu.

Dada Mkubwa akamfunika mdogo wake kwa koti lake. Hapo ndipo, katikati ya sakafu kavu, saruji ikavimba. Kiputo. Kikapasuka. Kikaja kingine.

"Dada," mwendesha pampu akanong'ona, "tuvunje sakafu?"

"Vunjeni mkitaka. Mimi nampeleka wangu kwa mama."

Walivunja. Chini ya saruji palikuwa na udongo mkavu, haujawahi kuguswa. Wakaziba, wakapaka saruji mpya. Hadi leo mahali pale hapajakauka.