Siku Kila Mtu Alipopunga Leso

Katika msongamano wa stesheni ya Indianapolis, Leona Hupp alimkanyaga mguu dereva wa treni ya umeme.

"Dada, huo ndio mguu wa breki," alisema Orville Tackett akichechemea. "Ukiuvunja, treni haitasimama, abiria wangu watalala Ohio, jimbo la pili."

"Si una mwingine?"

Leona alicheka hadi kofia yake ya bluu ikaenda upande. Mwaka mzima baada ya hapo alipanda treni ile kutoka kituo kidogo cha Dunfee kwenda dukani alikouza glavu, na kila siku alikaa kiti cha mbele, nyuma ya Orville.

Januari 1941 ikatangazwa kwamba treni itapita mara ya mwisho Jumamosi. Watu walikuwa wamenunua magari yao.

"Los Angeles treni kama hizi bado zipo, na kazi nimepata huko," Orville alimwambia. "Twende tukaoane, mpenzi."

"Na mama nimwachie nani?"

"Fikiri. Jumamosi saa nne asubuhi, ukiinua kibao cha kusimamishia treni, nasimama unapanda. Kisipoinuka, nitaelewa. Sitakulaumu."

Leona alipiga magoti akiomba siku tatu. Ijumaa mama yake akamwinua. "Nenda, mwanangu. Mimi nina Mungu na majirani."

Jumamosi alifika kituoni na sanduku lake, koti la sufu limelowa theluji. Kibao hakikuwepo. Watu waliotaka kumbukumbu walikuwa wamekwisha kuking'oa. Treni ilipotokea, Leona alipunga leso kwa nguvu zake zote. Lakini siku ile, kandokando ya reli, kila mtu alikuwa akipunga leso. Orville alimwona, akavua kofia, akapita huku analia.

Wiki tatu baadaye, mchana, simu kutoka Los Angeles ililia nyumbani.

"Leona? Asante kwa kuja kuniaga."

"Kukuaga! Orville, nilikuwa nakusimamisha! Kibao kiliibwa!"

Sauti ya Orville ilikwaruza. "Basi njoo sasa, mpenzi."

"Mama alipooza Jumatatu. Hata kijiko hawezi kushika."

"Eh, Mungu wangu. Basi narudi mimi."

"Uje uendeshe nini?"

"Wanasema petroli ikiadimika, treni zitarudi. Zikirudi tu, dereva wa kwanza ni mimi. Wewe umesikia?"

Nje ya dirisha, vibarua walikuwa waking'oa reli kwa mitaimbo na kuzitupa kwenye lori.

"Nami nasikia hivyo, mpenzi," alisema Leona, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja ili Orville asisikie chuma kikilia.