Noti ya Kulinganishia

Mwaka 1983, siku ya mvua iliyonyesha tangu alfajiri bila kupumua, rafiki yangu fundi wa piano alikwenda ukumbini mchana. Alikwenda kuilinganisha sauti piano ambayo jioni hiyo binti yake angeipiga mbele ya okestra, kwa mara ya kwanza. Umeme ukakatika. Hakujali, kwa kuwa kazi yake ni ya masikio. Akabonyeza noti ambayo okestra nzima hulinganishia ala zake.

Nyuma yake, gizani, fidla zikaitikia.

"Mabwana, karamu ni jioni nanyi mmeshanawa mikono!" akatania, akidhani wapigaji wamewahi kufika. "Hebu ngojeni nimalize."

Fidla zikazidi kusogea, hata zikawa kisogoni pake. Akataka kuinua kidole, kidole kikakataa. Taa ziliporudi, viti vyote vilikuwa vitupu.

Jioni alikaa safu ya mbele, akaviona vidole vya bintiye vikikimbia, na watu wakisimama kupiga makofi.

"Baba, nimepigaje?" Aliyasoma maneno hayo midomoni mwake.

"Vizuri mno, mwanangu."

Alichosikia ni noti ile moja tu, na fidla zikiiitikia. Hadi leo hazijanyamaza. Gharama ya kazi ile, kwa jumla: masikio mawili.