Maneno Matano ya Mwanakheir

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Mwanakheir wa Kikwajuni aliteka maji, akafagia ukumbi, kisha akamtilia bibi yake uzi kwenye sindano. Bibi, Bi Mashavu, alikuwa fundi wa kudarizi kofia, lakini tundu la sindano alikuwa halioni tena.

Wiki ile Mwalimu Borafya aliwapa kazi: kila mtoto atafute maneno matano ambayo Kiingereza kimeyachukua kwenye lugha nyingine, aandike na jina la aliyemweleza. Siku ile Mwanakheir akacheza mpira wa rede na wenzake mpaka magharibi. Asubuhi akaandika mbio mbio maneno yaliyofanana na ya kwetu: "school" limetokana na skuli, "shirt" na shati, "pencil" na penseli, "blanket" na blangeti, "motor car" na motokaa. Chini akaandika: Nimeelezwa na bibi yangu.

Mwalimu akasoma, akakunja daftari. "Kesho njoo na bibi yako. Atueleze mwenyewe."

Mwanakheir akarudi nyumbani akiwaza. Bibi yake hajulikani kwa uongo, na kesho atasimamishwa mbele ya watoto kwa uongo asioujua!

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona uso kama umelamba shubiri?"

Mwanakheir akasema yote. Bibi akaiweka kofia chini.

"Sie tulipokuwa wadogo tulikwenda chuoni tu, kusoma Kurani. Skuli imeletwa na Wazungu, na jina lake wamekuja nalo. Waazime kwetu kitu walichotuletea wenyewe?"

Mwanakheir akacheka huku machozi yanamtoka.

"Usicheke! Umenivisha uongo, sasa nivue. Nenda kaulize wanaojua."

Akaenda kwa Mzee Mkadam, muuza kahawa aliyesoma Kiarabu. Mzee akamwambia "sugar" na "cotton" yametoka kwa Waarabu. Bidhaa zilisafiri mpaka Ulaya, majina yakafuata. Kisha akaenda kwa Jivanji, mshoni wa Mkunazini. Yeye akamtajia "pyjamas" na "bungalow", maneno ya kwao Bara Hindi. Magharibi ikaadhiniwa akiwa na manne.

Siku ya pili akasimama mbele ya darasa, bibi yake pembeni.

"Bibi hakunambia yale ya jana. Nimeyatunga mimi. Haya nimeuliza, lakini ni manne tu."



"La tano ni safari," akasema Mwalimu. "Waingereza wamelichukua kwetu, nasi tulilipata kwa Waarabu."

Bibi akainua kidole. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimemwazima jirani, kaenda nacho, nami ningali nacho."

"Moto!" akadakia Jaku, mtoto wa dawati la nyuma.

"Moto huzimika, we!" akasema Bibi.

"Neno," akasema Mwanakheir taratibu.

"Ehee! Neno azima utakavyo, halipungui. Jina la mtu silo hivyo, wanangu. Ukilichukua kufunikia uvivu wako, unamrudishia mwenyewe limechafuka. Bora useme: sijui, ntauliza."

Mwalimu akampa Mwanakheir alama nne, kwa maneno manne.